Nimefunga gesi na rimu mpya kwenye IST yangu. Bima waambiwe?

SWALI: Nina Toyota IST ya mwaka 2005, nimeikatia bima kubwa kwa thamani ya shilingi milioni 11. Bima inaisha baada ya miezi minne. Tangu nilipoikata nimefunga mfumo wa gesi, nimeweka rimu za inchi 16, redio yenye skrini pamoja na kamera ya nyuma, na tinti. Vyote vimenigharimu kama milioni 3. Wakala wangu anasema nisijisumbue, bima ni ya gari zima. Mdogo wangu anayeishi Uingereza anasema kule ukinyamazia hata rimu tu hulipwi. Nani yuko sahihi? Na nikisema, si wataniongezea hela? – Msomaji, Tabata, Dar es Salaam

JIBU: Dada yangu, naanza na maneno ya wakala wako, maana ndiyo yanayoweza kukuumiza. Ni kweli bima ni ya gari zima, lakini ni lile gari ambalo kampuni ililikubali siku ulipolipia. Gari lile lilikuwa IST ya petroli, lina rimu zake za kiwandani, thamani milioni 11. Unaloliendesha leo lina mtungi wa gesi kwenye buti, lina waya mpya nyuma ya dashibodi, na kama makadirio yako ni sahihi, thamani yake inakaribia milioni 14. Kampuni haijawahi kuliona gari hilo.

Nimekagua magari yaliyogongwa na yaliyoungua kwa miaka kumi na tisa. Wengi niliowaona wakinyimwa fidia hawakuwa matapeli. Walikuwa watu waliolipenda gari lao, wakaliongezea hiki na kile kidogo kidogo kila walipopata hela, na hakuna aliyewakumbusha kwamba ofisini kuna karatasi inayoeleza gari la zamani. Nimewahi kusimama uani kwa mtu, yeye na mke wake wakiangalia gari lililobaki bodi tupu, nikiwa najua tayari kitakachoandikwa kwenye barua watakayopokea. Ndiyo maana jibu langu litakuwa refu.

Kuna maswali mawili ambayo watu huyachanganya. La kwanza: je, kampuni imeikubali hatari hii? La pili: je, kampuni imelipwa kwa ajili ya kitu hiki? Redio yako ni ya swali la pili. Mtungi wa gesi ni wa swali la kwanza. Rimu zinagusa yote mawili. Ukikosea kwenye swali la pili, utapoteza redio. Ukikosea kwenye la kwanza, unaweza kupoteza fidia ya gari lote, redio ikiwemo.

Tuanze na gesi. Sikukatazi kuitumia. Gesi asilia ya Songo Songo imekuwa ikija Dar es Salaam tangu 2004, na kuiweka kwenye magari ni jambo la maana kwa mfuko wa mtu na kwa nchi. Hata kwa upande wa usalama ina sifa zake: ni nyepesi kuliko hewa, ikivuja mahali pa wazi hupanda juu na kutawanyika, wakati petroli hutuama chini ya gari ikisubiri cheche. Ila mtungi uliojaa unabeba mgandamizo wa bar 200 hivi, na tairi la gari lako lina bar 2 na kidogo. Mtungi wa chuma wa lita 60 una uzito wa kilo hamsini na zaidi kabla hujatia gesi, na umefungwa nyuma kabisa, mahali ambapo daladala ikikosa breki ndipo inapokugonga. Kwa hiyo anayekubali kulibeba gari lako kwa bima ana haki ya kuuliza: nani aliufunga mtungi huo, kwa vishikizo gani, una namba gani, ulipimwa lini, na valvu yake ni ya aina gani.

Kama ulifungiwa kwenye karakana inayotambulika, mfano ile ya Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam, DIT, una cheti cha ufungaji na majibu ya maswali hayo yote. Kama ulifungiwa uchochoroni na fundi aliyekupa bei nzuri bila karatasi, kabla ya kuiandikia kampuni peleka gari kwenye karakana inayotambulika likaguliwe na upewe maandishi. Hiyo gharama usiione kubwa. Hakuna kampuni itakayokubali mtungi usio na historia, na kusema kweli hata mimi nisingependa wanao wakae mbele ya mtungi wa namna hiyo.

Kuna jambo lingine kuhusu gesi ambalo huenda hukulitarajia. Nikikuta mtungi wa gesi kwenye IST, swali langu la kwanza haliuhusu mtungi. Nauliza gari hili linafanya kazi gani. Kufunga gesi kunarudisha hela yake haraka kwa mtu anayetembea kilomita nyingi kila siku, na wengi wa watu hao wanabeba abiria wa Bolt au inDrive. Kwa hiyo mkaguzi ataangalia kilomita, ataangalia kishikio cha simu kwenye kioo, atamwuliza jirani. Wewe hukuniambia kama unabeba abiria, na sikudhanii. Lakini kama unafanya hivyo hata Jumamosi na Jumapili tu, na hati yako imeandikwa matumizi binafsi, basi hilo ndilo jambo la kwanza la kutaja, kabla ya mtungi, kabla ya rimu, kabla ya chochote. Kati ya vitu vyote ambavyo watu hawavisemi, matumizi ya gari ndiyo niliyoyaona yakizima fidia mara nyingi zaidi, na hapo hata hoja ya kujitetea huwa haipo, kwa sababu mkataba wenyewe umetaja matumizi unayolipia.

Sasa mdogo wako. Amesema kweli ya kwao, ila ukichunguza utaona sheria ya kwao imekuwa laini kuliko yetu. Uingereza walitunga sheria mwaka 2012, ikaanza kutumika Aprili 2013, inayosema mtu anayejikatia bima yake binafsi ana wajibu wa kujibu kwa uangalifu yale anayoulizwa. Kampuni isipouliza, ni juu yake. Na ukikosea kwa uzembe tu bila kukusudia, hawawezi kukunyima kila kitu, isipokuwa waonyeshe kwamba wangejua wasingekukatia bima kabisa. Wanaangalia wangekutoza kiasi gani kama wangejua, kisha wanakupunguzia fidia kwa uwiano huo. Kule rimu zinataka kutajwa kwa sababu fomu zao zinauliza waziwazi kuhusu mabadiliko ya gari.

Sisi tulirithi sheria ya zamani ya Waingereza kama ilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920, na mabadiliko waliyojifanyia baadaye hayakuja huku yenyewe. Kanuni tuliyobaki nayo ni ya imani kamili: mwenye gari ndiye anayelijua gari lake, kwa hiyo anatakiwa aseme kila jambo ambalo lingemfanya mtoa bima mwenye busara akubali au akatae, apandishe bei au ashushe. Aseme hata kama hakuulizwa. Fomu zetu nyingi zina maswali machache, mtu anaona ameyajibu yote na dhamiri yake imetulia, kumbe wajibu wake ulikuwa mkubwa kuliko fomu.

Na hapa pana sehemu inayowauma watu zaidi. Chini ya kanuni hiyo, jambo ulilolificha halihitaji kuwa ndilo lililosababisha ajali. Gari limeibiwa usiku Sinza, mtungi haukuhusika kwa lolote. Bado kampuni inaweza kusema, kama tungejua tusingeingia mkataba ule, na hoja hiyo ina nguvu mbele ya sheria. Mimi naiona kanuni hii kuwa kali kupita kiasi kwa mwananchi wa kawaida na ningefurahi siku ikirekebishwa. Lakini mpaka hapo, ndiyo tunayoishi nayo.

Kanuni hiyohiyo ina upande unaokulinda, na watu hawaujui. Kesi iliyoijenga ni ya mwaka 1766, Carter dhidi ya Boehm, mbele ya jaji Mansfield. Gavana wa ngome ya Waingereza huko Sumatra alikata bima dhidi ya ngome yake kutekwa, Wafaransa wakaiteka kweli, na mtoa bima akagoma kulipa akidai gavana alimficha udhaifu wa ngome. Gavana alishinda. Mansfield alisema imani ni ya pande zote mbili: mtoa bima hawezi kunyamazia jambo analolijua au alilopaswa kulijua, apokee hela, halafu aligeuze kuwa kisingizio siku ya hasara. Kwako maana yake ni hii: kama kampuni ilipiga picha za gari wakati wa ukaguzi, buti likiwa wazi na mtungi unaonekana, kisha ikapokea malipo na kutoa stika, picha hizo ni shahidi wako. Omba nakala. Mwenye gari mmoja niliyemkagulia aliokolewa na picha moja ya namna hiyo. Ilikuwa ndani ya faili la kampuni yenyewe.

Wewe ulifunga vitu vyako baada ya kukata bima, na hilo nalo lina maana yake. Wajibu wa kusema kwa mujibu wa kanuni unakubana kabla ya mkataba kuanza. Katikati ya mwaka unabanwa na mkataba wenyewe: tafuta kwenye kijitabu cha masharti, kifungu kinachozungumzia kutoa taarifa ya mabadiliko. Mikataba mingi ya magari inacho. Halafu siku ya kuhuisha bima, mkataba unaanza upya na wajibu wote unarudi ulivyokuwa. Kwa hiyo ukinyamaza miezi hii minne unacheza na kifungu. Ukinyamaza siku ya kuhuisha unacheza na mkataba mzima. Sioni sababu ya kusubiri.

Kuhusu waya, nisikilize kidogo, maana mafundi wetu wanatuangusha hapa. Katika magari yaliyoungua niliyokagua mimi, mara nyingi moto ulianzia kwenye waya ulioongezwa: fundi amechuna waya wa taa au wa kiberiti, akasokota waya wa redio au wa taa za urembo, akazungushia tepu, hakuweka fyuzi. Waya ule unabeba umeme zaidi ya uwezo wake mpaka plastiki inayeyuka. Redio yako yenye skrini na kamera, na kisanduku cha kuongoza mfumo wa gesi, vyote vimeingia kwenye umeme wa gari. Mpelekee gari fundi umeme unayemwamini aangalie kila waya mpya una fyuzi yake, akuandikie. Hata kampuni isipokuomba karatasi hiyo, utakuwa umelinda roho yako.

Sasa hela. Kampuni nyingi hapa nchini hutoza bima kubwa ya gari binafsi kuanzia asilimia 3.5 ya thamani, kisha VAT ya asilimia 18. Hata tukichukua milioni 3 zote, nyongeza kwa mwaka ni shilingi 105,000, ukijumlisha na VAT inakuwa 123,900. Kwa miezi minne iliyobaki ni kama 41,300. Kwa kiasi hicho, msomaji wangu, hakuna sababu ya kukosa usingizi. Na huenda hata isifike hapo, kwa sababu thamani haifuati risiti: mfumo wa gesi ulioufunga kwa bei fulani hauongezi thamani ya gari kwa kiasi kilekile, rimu huchakaa, na tinti hata usiihesabu. Waambie wathamini gari lilivyo leo. Thamani inayotumiwa na TRA kukokotoa ushuru wa gari lililotumika isikuongoze, hiyo ina kazi nyingine. Unachotaka ni bei ambayo gari kama lako, na vitu vyake, lingeuzwa sokoni leo.

Usipoongeza thamani, tazama kinachoweza kutokea. Gari la milioni 14 limekatiwa milioni 11. Likiibiwa, hutazidishiwa juu ya milioni 11 hata kidogo. Likigongwa na matengenezo yakawa milioni 2, na mkataba wako una kifungu cha uwiano, watasema umejikatia kumi na moja ya kumi na nne, watalipa kama 1,571,000, halafu watatoa kile kiasi cha kwanza ambacho mwenye gari huchangia mwenyewe. Hapo hujaficha chochote cha hatari, thamani tu ndiyo haikutosha.

Kutaja na kulindwa ni vitu viwili. Mtu anaandika barua nzuri kabisa, anataja redio na rimu, kampuni inajibu "tumepokea", naye anaamini vimekatiwa bima. Hapana. "Tumepokea" ni jibu la swali la kwanza tu, tena nusu jibu. Mikataba mingi ina kikomo kidogo cha redio na kingine cha vioo, na baadhi inakataa wizi wa kifaa kilichong'olewa huku gari lenyewe limeachwa. Wewe unaishi Dar, unajua jinsi saiti mira na redio zinavyoondoka usiku. Uliza kikomo chako ni shilingi ngapi, na kama redio yako inazidi, omba itajwe kwa jina na bei yake. Kuhusu kioo, ukiwekewa kipya baada ya kupasuka, usitarajie tinti irudi kwa gharama zao isipokuwa imeandikwa.

Rimu za inchi 16 si jambo kubwa kwa IST, mradi upana wa tairi haugusi fenda na kipimo cha nje cha gurudumu hakijaenda mbali na cha kiwandani, maana spidi mita inasoma kwa kuhesabu mizunguko. Zitaje, weka risiti. Vile vitu vilivyokuja na gari kutoka Japani, kama taa za ukungu au spoila, ni sehemu ya gari. Havina haja ya maelezo ila vionekane kwenye picha na thamani ivizingatie. IST mbili za mwaka mmoja zinaweza kutofautiana sana kwa mapambo ya kiwandani, na siku ya hasara mkadiriaji atachukua ya chini kama huna cha kumwonyesha.

Nikumbushe na jambo ambalo hukuuliza lakini wenye IST wengi linawahusu: injini. Kuna za 1.3, injini ya 2NZ, na za 1.5, ya 1NZ, na zikifa watu huweka yoyote inayopatikana. Ukibadilisha injini, namba iliyoko kwenye kadi ya gari inakuwa ya uongo. Hapo anza TRA kwanza, kadi irekebishwe, ndipo uende bima. Rangi ya gari ni hivyohivyo. Mkadiriaji akikuta namba ya injini haifanani na kadi, atasimamisha kila kitu, tena anaweza kukutilia shaka ya wizi.

Utaandikaje? Usipige simu tu, na usiridhike na sauti ya WhatsApp kwa wakala. Wakala kisheria ni mtu wa kampuni, lakini siku ya mgogoro kazi ya kuthibitisha ulimwambia nini ni yako. Andika barua pepe kwa kampuni yenyewe, wakala apate nakala. Maneno yanaweza kuwa haya:

"Naomba kuwajulisha kuwa gari langu namba …, lenye hati ya bima namba …, limefanyiwa mabadiliko yafuatayo: tarehe … limefungwa mfumo wa gesi asilia na karakana ya …, mtungi namba …, cheti kimeambatanishwa, limewekwa rimu za inchi 16 zenye thamani ya …, redio yenye skrini na kamera ya nyuma yenye thamani ya …, na tinti. Gari linatumika kwa shughuli zifuatazo: … Naomba mnithibitishie kwa maandishi kwamba mmeyakubali mabadiliko haya, kwamba vifaa vilivyotajwa vimo ndani ya bima kwa thamani mpya ya shilingi …, na nyongeza ninayotakiwa kulipa hadi mwisho wa mkataba."

Ambatanisha cheti cha gesi, risiti za EFD, na picha: nje pande nne, buti likiwa wazi, namba ya mtungi isomeke, dashibodi, kila rimu. Kama fundi hakukupa risiti ya EFD, mrudie akupe. Kisha subiri karatasi ya nyongeza ya mkataba, yenye namba ya hati yako na thamani mpya. Hiyo ndiyo jibu. Isipofika ndani ya wiki mbili, andika tena ukirejea barua ya kwanza.

Unaweza kujiuliza mtu uliyemgonga anahusikaje na yote haya. Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, imemlinda yeye zaidi yako. Makosa yako ya kutosema hayampotezei haki yake kirahisi. Ila kampuni ikishamlipa inaweza kukugeukia wewe uirudishie, na deni la mtu aliyevunjika nyonga ni zito kuliko bei ya IST kumi.

Kampuni inaweza kukujibu kwamba haibebi magari ya gesi. Usikasirike na usiung'oe mtungi kwa hasira. Waombe wakuandikie hivyo, waulize watakurudishia kiasi gani cha miezi iliyobaki, na kabla hujavunja mkataba uwe umepata kampuni nyingine iliyokubali kwa maandishi, hata siku moja usikae wazi. Kwa kuwa magari ya gesi yameongezeka sana Dar, zipo zinazoyabeba, na dalali wa bima anaweza kukusaidia kuzitafuta kwa kuwa yeye humwakilisha mteja. Na kama kampuni iliyokwisha kukubali kwa maandishi itakuja kukataa kulipa kwa sababu ya mtungi uleule, lalamika kwao kwanza kwa barua, kisha nenda TIRA, mamlaka inayosimamia kampuni za bima, au kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, ofisi iliyowekwa na Sheria ya Bima ya 2009, ukiwa na barua yako, jibu lao na zile picha.